Niliuhamisha Uzi wa Shangazi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wa kumwomba radhi mtu niliyemuumiza hadharani katika jukwaa la mtandaoni la mashabiki wa tamthilia ya redio, ile inayorushwa kila Alhamisi jioni, na kwa kuwa mambo ya namna hii sijayasoma katika kitabu chochote, nimeona niyaweke mbele yako yote kama yalivyotokea.

Mimi ni mhitimu wa fasihi, umri wangu miaka ishirini na minne, na miezi mitano iliyopita niliteuliwa kuwa msimamizi wa jukwaa hilo, wadhifa nilioupokea kwa heshima kubwa kwa sababu nilitarajia kuutaja katika maombi yangu ya kazi kwenye kituo cha redio, na kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi nilifungua uzi mpya wa majadiliano wenye utangulizi, hoja tatu na maswali kumi yaliyopangwa kwa mantiki, nikauhariri mara tatu, nikausubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, nao ukakaa siku nne na majibu mawili, moja langu mwenyewe na jingine likisema, "Msimamizi, hongera kwa kazi nzuri," basi.

Wakati huohuo shangazi yangu, mwenye kiduka cha fotokopi, ambaye ndiye aliyenialika jukwaani, huandika mstari mmoja tu huku mashine ikitema karatasi za wateja. Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi ambamo mama mkwe anasukuma kando sahani aliyoandaliwa na mke wa mwanawe bila hata kuonja, shangazi aliandika: "Jamani, ile sahani ilivyosukumwa niliisikia hadi tumboni. Nani hapa ameshawahi kusukumiwa sahani?" Kesho yake yalikuwepo majibu mia mbili na kumi na manne. Mmoja alisema, "Mimi ningeila mbele yake, tena nikalamba vidole." Akajibiwa, "Wewe kwa tumbo lako hilo ungekula na sahani yenyewe!" Na muuguzi mmoja, mwanachama ambaye sikuwahi kumwona akiandika neno, alisimulia kwamba mama mkwe wake hakugusa chakula chake kwa miaka tisa, hadi alipougua, ndipo yeye akamlisha kwa kijiko mwezi mzima, na siku ya mwisho yule mama akamwambia, "Kumbe unapika vizuri."

Nakiri, mshauri, niliona wivu, na kwa kuwa wasimamizi tunaweza kuhamisha majibu kutoka uzi mmoja hadi mwingine, nilijiambia kwamba mada ni ileile na kwamba naweka mambo katika mpangilio, nikayahamishia majibu yote chini ya uzi wangu, nikaufuta wa shangazi, nikapiga picha ya skrini ya ile idadi ili niiambatishe na maombi ya kazi, nisikumbuke kwamba uzi wangu wa wiki hiyo ulikuwa na kichwa "Wanawake Wanaojidhalilisha: Nani wa Kulaumiwa?", na kwamba kila atakayeufungua angekiona kichwa hicho, kisha chini yake simulizi la muuguzi, kana kwamba ameletwa pale kuwa mfano. Mgeni mmoja alimwandikia, "Huyu hapa mmoja wao." Muuguzi akajiondoa dakika chache baadaye, na tangu hapo jukwaa limekuwa kama chumba cha kumsubiri daktari, watu wamo lakini hakuna anayesema.

Nilikwenda dukani kujieleza. Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye mashine. "Mwanangu, wewe ulihesabu. Hukusoma." Nikamweleza kwamba kanuni zinaruhusu kuunganisha nyuzi zenye mada moja. Akasema, "Basi nenda kazungumze na hizo kanuni."

Nimeandaa rasimu ya tangazo rasmi la kuomba radhi, kurasa mbili. Je, niichapishe? Na uzi unaowafanya watu wazungumze hujengwaje?

Wako mtiifu,
Msimamizi

MSHAURI ANAJIBU

Msimamizi, pole. Umeniandikia barua yenye aibu ndani yake, na aibu hiyo ni dalili njema. Umelikumbuka hata neno la mwisho la yule mama mgonjwa. Sasa umesoma.

Lakini usijifiche nyuma ya mpangilio. Watu walimjibu shangazi yako, wewe ukayachukua maneno yao ukayabandika chini ya swali ambalo hawakuulizwa. Yule mgeni alikosa adabu, ndiyo, ila ni wewe uliyemwekea meza.

Uzi hujengwaje? Maswali yako kumi, majibu yake unayo tayari, na watu wazima wakinusa mtihani hukaa kimya. Shangazi hakujua nani amesukumiwa sahani, ndiyo maana aliuliza, tena alianza na tumbo lake mwenyewe. Uliza usilolijua. Toa chako kwanza, kifupi, kisha kaa usikilize. Elimu yako haina kosa lolote, bwana. Ingia nayo watu wakishachangamka, uwaonyeshe kitu kwenye kipindi ambacho hawakukisikia. Watakushukuru.

Sasa kazi. Tangazo usilichapishe, maana litamrudisha muuguzi midomoni mwa watu bila ridhaa yake. Leo hii lifiche simulizi lake, na yeye ndiye wa kusema kama lirudi au lipotee kabisa. Swali la shangazi ulilolifuta lirejeshe kwa jina lake, na majibu mengine uyarudishe chini yake. Ile picha ya skrini ifute. Kazi utaipata kwa idadi yako mwenyewe, hata ikiwa ni mbili. Wala usimtafute muuguzi kwa njia za usimamizi, kama kuichungulia anwani aliyojisajili nayo. Hana deni nawe. Mwandikie shangazi mistari miwili: kwamba kweli ulihesabu, na kwamba unaomba amuulize muuguzi kama yuko tayari kukusikia. Muuguzi akikataa, hilo ndilo jibu lake, nawe liheshimu.

Haya nilikutumia kabla ya gazeti kuchapwa, nawe jana ukaniletea ujumbe wa shangazi yako. Nauweka hapa kwa ruhusa yake, kwa faida ya wasimamizi wengine:

"Amekubali kukusikia. Kurudi jukwaani ni juu yake, usimuulize. Jumamosi, saa nne asubuhi, hapa dukani."