Mlango Unaofungwa Nyuma ya Wageni

Řevnice, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Habari za huko Třebíč? Goti lako linaendeleaje sasa baridi imepungua? Na baba, amekubali kwenda kupimwa macho, au bado anadai siku hizi magazeti yanachapishwa kwa wino hafifu? Sisi huku tu wazima. Vítek ameota jino jingine na kutuamsha wote kwa ajili yake, hata mama mkwe kule chini. Mimi nimechoka, lakini uchovu wa leo ni mtamu, na ndio ulionikalisha niandike. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu hunikatiza mama, unajijua. Barua haikatizwi.

Uliniuliza juzi kama nimeshaamua: nikae nyumbani mpaka Vítek atimize miaka mitatu, au nirudi kazini sasa angali mdogo. Nikakujibu tutaona. Ukasema hakuna cha kuona, mama wa maana hukaa. Mama mkwe, Mama Irena, naye husema hivyo hivyo, ila yeye husema kila siku, tena mbele ya majirani. Kwake mwanamke anayemwacha mtoto kabla ya miaka mitatu si mama, ni kunguru. Wiki iliyopita dukani kwa mwoka mikate alininong'oneza, na mnong'ono wake waujua, duka zima lilisikia: "Mwone yule kunguru. Kamtupa mtoto kwa watu ili akapake wanawake wengine rangi za kucha!" Nami nimesimama pale na kigari cha mtoto.

Si mtu mbaya. Hufua nguo za Vítek bila kuombwa, na nilipougua homa alikesha naye. Shida yetu ni moja tu: tangu niolewe sijawahi kumaliza sentensi mbele yake. Nikianza, ananisaidia kuimalizia, na siku zote inaishia pale anapotaka yeye.

Basi leo ilikuwa siku ya jina lake: kalenda inasema Irena, na lazima apewe zawadi. Radim alimpa mama yake maua ya tulipani, na mimi nikamwambia zawadi yangu ni matembezi: tunakwenda Karlštejn, na tiketi yake ya kuingia ndani ya ngome ninayo. Akacheka sana. Eti amekaa vituo viwili vya treni kutoka pale maisha yake yote na hajaingia ndani tangu akiwa mwanafunzi. Ngome ni ya watu wa Praha wasio na bustani za kulima. Lakini nilimwona akipaka rangi ya mdomo. Kisha akakaanga vipande vya nyama kwa chenga za mkate, akavibana katikati ya mikate, vingi kana kwamba tunakwenda kuishi huko.

Kutoka stesheni ni kupanda tu, unapajua. Radim alisukuma kigari, na mama mkwe akanihutubia njia nzima, tangu darajani mpaka vibanda vinavyouzia wageni panga za mbao. Radim analipwa vizuri, nakosa nini? Utoto haurudi, nitakuja kulia. Nikasema, "Mama, ninachotaka mimi ni—"

"Kupumzika," akasema. "Nakuona ulivyokonda. Kula nyama."

Nikala.

Kigari hakiruhusiwi ndani, kwa hiyo Radim na Vítek walibaki uani. Mama mkwe nikamweka mlangoni pamoja na kundi la wastaafu kutoka Plzeň, nikamwambia anisubiri, nakwenda chooni mara moja.

Sasa mama, nikuambie ukweli. Sikwenda chooni. Nilikwenda kwenye chumba cha waongozaji wa wageni, nikavua koti, nikabandika kifuani kibao chenye jina langu, nikachukua pete kubwa ya chuma yenye funguo, nikatokea mlangoni mbele ya watu wote. Nikasema: karibuni mabibi na mabwana, naitwa Šárka, nitawatembeza katika ngome ya mfalme wetu Karel.

Mama mkwe akachungulia nyuma yangu kumtafuta mwongozaji. "Wee Šárka!" akaita. "Shuka hapo usituaibishe, mwenyewe anakuja!"

"Mwenyewe ndiye mimi, mama," nikasema. "Ingia, tafadhali." Wastaafu wakacheka, akaingia. Nami nikafunga mlango nyuma yao kwa ufunguo, maana ndivyo tufanyavyo: mgeni haendi chumba cha mbele kabla cha nyuma hakijafungwa, na hakuna anayetoka mpaka tumefika mwisho.

Ule utembezaji wa kigari kando ya mto, ambao wewe ulinisifia eti unamtuliza mtoto, ndio uliokuwa masomo yangu. Tangu majani yaanze kuanguka nilikuwa nikikariri maneno ya waongozaji kwa sauti ya chini, na Vítek akilala kwa majina ya wafalme. Wakati wa baridi nilimkariria msimamizi wa ngome maneno yote kwa kichwa, katika vyumba vitupu, mvuke ukitoka kinywani. Alinisahihisha tarehe moja tu, akanipa kazi, na kundi la leo ndilo la kwanza. Radim alijua. Wewe na Mama Irena niliwaficha, kwa sababu nilijua nikisema mapema mtanishinda. Kwa hilo sijuti.

Chumba cha kwanza sauti ilinitetemeka. Cha pili haikutetemeka. Mama mkwe alipojaribu kunimalizia sentensi, pale chumbani kwa mfalme, mzee mmoja wa Plzeň alimgeukia: "Bibi, sisi tumelipa kumsikia yule." Akanyamaza! Nilipofika kwenye ile hadithi ambayo watu hupenda kuisimulia, kwamba mwanamke hakuruhusiwa kulala ngomeni hata awe malkia, akauliza kwa hasira, "Na mashuka alifua nani?" Nikamjibu kwamba hilo sikufundishwa, ila hata mimi nimejiuliza. Tukacheka sote wawili. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka pamoja kabla ya leo.

Mwishoni huwa tunauliza kama kuna swali. Akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Na mtoto? Ukiwa hapa, mtoto yuko na nani?"

Kundi zima likanitazama. Nikajibu kama mwongozaji anavyojibu, ili na wa nyuma wasikie: katikati ya wiki yuko kwenye kikundi cha watoto pale kijijini, na Jumamosi yuko na baba yake.

"Radim? Hajui hata soksi za mtoto zinakaa wapi."

"Atajua," nikasema, nikafungua mlango wa kutokea.

Hakunipongeza. Alishuka uani moja kwa moja, akamchukua Vítek, akampangusa makombo na kumwambia, "Mama yako ana sauti, bwana. Mimi sikujua." Kisha, bila kunitazama, akasema Jumamosi zote atamshika yeye. Nikamshukuru, nikakataa. Nikamwambia Jumamosi moja yake, inayofuata ya Radim, vinginevyo Radim hatajifunza kamwe. Akafumbua kinywa, nikaendelea mpaka nukta. Akasema, "Haya."

Nawe mama, najua hapa umekunja uso. Siombi ruhusa. Naomba baraka zako, na zikichelewa nitazisubiri, lakini nitazisubiri nikiwa kazini. Ulikaa nyumbani miaka mingi kwa ajili yangu na ndugu yangu Ota, ukaiacha mashine yako ya kushona kule kiwandani, na mimi sijawahi kukuuliza kama ulitaka. Nakuuliza leo. Jibu lolote utakalonipa, halitanifanya nikupende pungufu.

Msalimie baba na macho yake, na Ota akija. Vítek anakubusu kwa mdomo wenye makombo. Ukipiga simu Jumamosi mchana hutanipata. Piga jioni, nami nitakusikiliza mpaka umalize.

Mwanao akupendaye,
Šárka