Bastola ya Baba Imehama Kiti

S.L.P. 41,
Cutter Flat, Texas.
Jumapili, 14 Oktoba 2018.

Mpendwa Shemeji Weldon,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na Maxine, huko kwenu Alaska. Natumaini goti lako limepona tangu ulipoteleza kwenye barafu, na kwamba hukulirudisha kazini kabla ya daktari kukuruhusu, ingawa kwa ninavyokujua natumaini bure. Sisi hatujambo. Mvua zilikoma kwa wakati wake, pamba imefunguka vizuri, na vumbi la mashine za kuvunia limeingia hata ndani ya bakuli la sukari.

Kaka yako Royce anakula vizuri, hasa nyama ya kifua anayoichoma mwenyewe nyuma ya karakana, na usingizi wake si haba. Bado anashona matandiko ya farasi, ila polepole. Nimetanguliza hayo ili usiruke mistari kutafuta msiba. Msiba haupo. Lipo jambo, na si desturi yangu kuandika barua za mambo siku ya Bwana, lakini hili halikukubali kungoja Jumatatu.

Jambo lenyewe ni bastola ya marehemu baba yenu. Kwa kuwa alikuwa baba yenu wote wawili, una haki ya kujua iliko. Haipo tena katika pikapu yetu. Imo ndani ya gari la mwanamke mwingine.

Unakumbuka desturi ya hapa kwetu. Msichana aliyekubali kuchumbiwa haketi tena mlangoni mwa pikapu. Huketi katikati ya kiti kile kirefu, bega kwa bega na dereva, ili mji mzima umwone na wasemao waseme. Nami niliketi hapo, na sikuona haya. Harusi ilipopita mama yenu akaniambia, "Sasa sogea, binti, umpishe mwenzio," na Royce akaifunga bastola mahali pangu, ukingoni mwa kiti, mpini ukielekea mkono wake wa kulia, koti au kitambaa juu yake ili apitaye asiione. Tangu siku hiyo niliiita mke mwenza. Yeye alicheka. Mimi sikuwa nikitania sana.

Sikubishana naye kuhusu haja yake. Barabara za huku ni ndefu, simu hazishiki, na mwizi wa ng'ombe hapigi hodi. Royce alikuwa na msemo wake, kwamba bastola iliyofungiwa sandukuni ni ya kumpigia mwizi aliyekwisha kuondoka. Kilichonifanya niivumilie ni ala yake. Aliishona mwenyewe kwa ngozi, akachonga juu yake ua la mbaruti wa miiba, ua lile lile alilolichonga kwenye mkoba wangu wakati wa uchumba. Alisema mbaruti ni mimi: maua meupe, lakini mtu asiyashike bila kufikiri. Ua hilo hakumchongea mtu mwingine yeyote, hata yule tajiri wa visima vya mafuta alipoliomba kwa ajili ya tandiko la mkewe. Basi nikasema moyoni: mke mwenza amekaa karibu naye, lakini amevaa nguo yangu.

Sasa sikiliza. Jumatano iliyopita pikapu ilikuwa kwa fundi, na Twyla Pruett akajitolea kunipeleka kanisani kupanga mnada wa pai. Twyla unamkumbuka, mjane wa Harlan, aliyekuwa akipiga kinanda kwa mkono mzito. Siku hizi hupeleka dawa za mifugo mashambani kwa kigari chake cha kijani, peke yake, hadi kule wanakoishia watu. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Niulize, nani hupaka rangi ya mdomo siku ya Jumatano, kwa ajili ya pai?

Njiani kibweta changu cha miwani kikaniponyoka. Niliinama kukiokota, nikaona, pembeni mwa kiti chake, chini ya skafu, ua la mbaruti.

"Twyla, hiyo ni nini?"

"Bastola, Imogene. Ulidhani pai?"

"Naona kwamba ni bastola. Nauliza ni ya nani."

Akapunguza mwendo. "Dada, muulize Royce. Mimi nimefungwa mdomo."

"Na aliyekufunga mdomo ni mume wangu?"

"Muulize Royce," akasema tena, akafungua redio, tukasikiliza bei za ng'ombe mpaka kanisani.

Shemeji, nimewafundisha sarufi watoto wa wilaya hii, kisha watoto wao. Kila kitu nakiita kwa neno linalokistahili, na neno linalostahili hapa ni wivu. Sikuwaza hatari, wala sheria, wala wewe. Nilikaa kwenye kamati ile nikiandika "pai ya matofaa, pai ya maboga." Niliikumbuka kila siku Royce aliyokwenda kwa Twyla kumtengenezea lango. Nilikumbuka kwamba tangu Agosti koti lake la baridi lilikuwa limekunjwa katikati ya kiti cha pikapu. Koti la baridi, Texas, mwezi wa Agosti! Nami mwenye macho ya kuona nukta iliyokosekana mwishoni mwa sentensi sikuuliza lilikuwa likifunika nini. Lilikuwa likifunika pengo.

Nilimkuta karakanani, nyundo ya mti mkononi.

"Royce, bastola ya baba yako iko wapi?"

"Ndani ya gari."

"Gari la nani?"

Akaiweka nyundo chini. Nikamwambia, "Kama umechoka na mke, sema kwa kinywa chako. Usitume bastola iende kuposa."

Akacheka, Mungu amsamehe. "Imogene, kwa watu wetu bunduki haiposi. Huozesha, mkononi mwa baba wa binti."

"Basi imekuozesha kwa Twyla?"

Hapo kicheko kikamwisha. Akavuta kigoda, akaniomba niketi. Sikuketi. Akanieleza nikiwa nimesimama.

Mwezi wa Agosti alikuwa ameegesha nje ya duka la chakula cha mifugo, akingoja wampakilie magunia. Ezell Tackett, mwenzake wa dhumna, akaja kwa nyuma na kugonga kioo, amemletea kahawa. Ezell, Shemeji, aliyekuwa msimamizi wa harusi yetu. "Nilimwona mtu," Royce akaniambia. "Sikumwona Ezell. Niliona kofia na mkono, na mkono wangu ukashuka wenyewe." Bastola ilikuwa imekwisha kutoka alani.

Twyla alikuwa ameegesha ubavuni mwao. Alifungua mlango wa upande wangu, akaketi mahali pangu, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Royce, huyo ni Ezell Tackett, yule anayekuibia kwenye dhumna kila Ijumaa. Rudisha hiyo alani, uweke mikono yote miwili juu ya usukani." Akafanya hivyo. Ezell alijimwagia kahawa yote kifuani, na hadi leo anasema alijikwaa.

Baadaye Royce akaifungua mikanda, akampa Twyla bastola pamoja na ala yake. Akamwambia asiiache iote kutu, imsindikize barabarani.

Imsindikize! Mimi ninayekwenda mjini Lubbock peke yangu kila dada yangu anapolazwa, nasindikizwa na redio. Nikamwambia hivyo. Nikamuuliza kwa nini yeye, kwa nini si mimi.

"Kwa sababu Harlan alianza hivi hivi," akasema. "Twyla anaijua njia."

"Nami ningeijua kama ungeniambia."

Akaiangalia mikono yake. "Wewe ungenisahihisha, Imogene."

Nimeambiwa maneno mengi makali maishani mwangu, mengine na wazazi wa wanafunzi niliowarudisha darasa. Hakuna lililoingia kama hilo. Kiangazi chote alikuwa akiita nyundo kijiko, na Jumanne Alhamisi, na kila mara nilimpa neno sahihi kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Kumbe kila nililompa alilihesabu kuwa kosa lake.

Usidhani wivu uliniisha hapo. Alhamisi, pikapu iliporudi, nilikwenda kwa Twyla. Nilimkuta akiosha kigari chake. Nilimwambia nimekuja kuchukua kilicho chetu.

Akafungua mlango wa gari. "Hiyo hapo. Chukua. Ila niambie kwanza utaiweka wapi asipoiona."

Nikasema kabatini. Akauliza kabati hilo lilitengenezwa na nani. Nikasema darini. Akauliza dari ilipigiliwa na nani. Nikasimama nikiipekua nyumba yangu kwa fikra, chumba baada ya chumba, na sikupata mahali. Nyumba nzima aliijenga yeye. Hakuna ubao ndani yake ambao mikono yake haiujui, hata siku ambayo kichwa chake hakitaujua. Sanduku la chuma tunalo, lakini ufunguo wake umo katika shada lake tangu tuoane, na siku nitakayomnyang'anya atajua kwamba simwamini. Kwa sasa anajua tu kwamba yeye mwenyewe hajiamini, na hilo alilichagua.

Twyla akafuta mikono kwa aproni. "Imogene, acha kunitazama hivyo. Mimi simtaki mumeo. Nimekwisha kumzika mmoja wa namna hiyo. Sina mgongo wa kumbeba wa pili."

"Sikusema kwamba unamtaka."

"Macho yako yamesema. Na hii rangi ya mdomo ni kwa ajili ya daktari wa mifugo wa Dry Fork, kama unataka kujua."

Nilirudi mikono mitupu. Kesho yake nilimpelekea mkate wa mahindi, nikamshukuru, kwa sababu alizuia mauti mlangoni mwa gari letu na haki ni haki. Lakini sitakudanganya, Shemeji. Simpendi. Alimwona mume wangu katika saa yake ya hofu, akajua la kumwambia. Saa hiyo ilikuwa yangu. Ua nitamsamehe mapema kuliko saa hiyo.

Kwa hiyo nakuomba. Njooni Sikukuu ya Shukrani, na utakaporudi uichukue bastola ya baba yenu uende nayo. Taratibu za kuisafirisha unazijua kunishinda. Twyla amekubali; asema atajinunulia yake, isiyo na maua. Ala uniachie mimi. Royce ndiye aliyependekeza jina lako, nilipomuuliza nani angefaa. Alisema, "Mpe Weldon. Weldon hakuwahi kuitaka, basi ataitunza vizuri."

Mwezi ujao tutamwona daktari wa mambo hayo. Jina la ugonjwa sitaliandika hapa kabla hajalitaja yeye. Mkifika, usigonge kioo cha gari wala usimjie kwa nyuma. Simama mbele anapoweza kukuona, utaje jina lako taratibu. Na akikuita kwa jina la baba yenu, itika tu. Nami sasa naitika. Juzi aliniomba nimpe kijiko, nikampa nyundo.

Leo asubuhi nilichukua funguo za pikapu kabla yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, hata hoja zangu nilizipanga kitandani. Hakubisha. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaliondoa lile koti kutoka katikati ya kiti, akaketi hapo, bega lake likagusa langu.

Nikamwambia, "Royce, nafasi iko tele huko mlangoni."

"Naiona," akasema. "Naketi hapa watu waone."

Mkono wake ukashuka kutafuta mpini, haukuukuta, ukarudi ukapumzika gotini kwake. Tulipita barabara kuu polepole kama wachumba, vikongwe viwili, mji mzima ukitutazama. Twyla alikuwa uani kwake akimwagilia maua. Sikuwa na hakika kama ametuona, basi nikapiga honi.

Msalimie sana Maxine, na umwambie mapishi yake ya samaki yamemfurahisha kila mtu isipokuwa Ezell. Mbusu binti yenu Darla na mapacha wake. Royce anakusalimu, nimemsomea barua hii yote, naye hakuniomba nifute hata neno moja, ila amesema honi niliipiga mara mbili.

Mungu awalinde safarini, na akae nanyi karibu, pasiwe na kitu katikati.

Ndimi shemeji yako akupendaye, mwenye wivu na asiyeukana,

Imogene Stroud