Jina Chini ya Cherehani ya Baba

Shangazi yangu wa gazetini, naomba unishike mkono maana Jumatatu inakuja mbio. Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa miaka kumi na mmoja nikifika sura ya saba, ile ya jeshi letu kuvuka mpaka na kuchoma miji ya majirani ambao hawakutuchokoza, huwaambia wanafunzi "hiyo mtasoma wenyewe nyumbani", kwa sababu baba yangu alikuwa askari kwenye vita hivyo, na ndiye aliyenilea peke yake, akinisuka nywele mpaka naonekana nimepigana na paka, akinishonea sare zote kwa cherehani aliyosema aliinunua, na wiki iliyopita naitia mafuta nikakuta chini yake limechongwa jina la mwanamke, jina la huko kwa majirani, ng'ambo ya mpaka kabisa, nikamuuliza, akasema, "Chai yako inapoa, mama," akaenda kumwagilia maua aliyokwisha kuyamwagilia. Sasa mwanafunzi ambaye bibi yake alitoka huko ameniuliza, "Mwalimu, mbona sura ya saba hatuisomi?" Jumatatu ndipo tunafika sura hiyo. Nikifundisha namuumbua baba, nisipofundisha namdanganya mtoto. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

Binti wa Fundi, pole, halafu kaa nikuseme. Miaka kumi na mmoja! Umewapa watoto wa watu kazi ya nyumbani iliyokushinda wewe nyumbani kwako.

Baba yako anakupenda, hilo halina ubishi, vidole vya askari vikisuka nywele si mchezo. Na cherehani ile ina mwenyewe. Yote mawili ni kweli, na mzee anayajua kuliko wewe, ndiyo maana maua yanafurika. Unadhani unamlinda, kumbe umemwachia mzigo peke yake. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Jumamosi keti naye. Usimhoji kama polisi. Muulize, "Baba, huyu ni nani?" kisha nyamaza, hata chai ipoe. Jumatatu fundisha sura yote, na usiseme "miji iliungua", sema "tuliichoma". Habari za baba usizitoe darasani bila ruhusa yake. Akikubali, nendeni wote wawili kwa yule bibi wa mwanafunzi wako, huenda anaujua ukoo wa mwenye jina.

Na akigoma kusema, lisome wewe jina hilo, kwa sauti, pale sebuleni. Tangu cherehani yake iingie kwenu, mama wa watu hajaitwa hata siku moja.