Santuri ya Mashemeji Wawili

Nairobi, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Kokubelwa,

Mirembe, waitu. Mimi mdogo wako ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi cha mwaka jana kimeniacha. Sijui wewe na mwanao Jovita mmeamkaje hapo Kishanda, kama migomba imesalimika na upepo, kama mgongo wa mama mkwe wako umepata nafuu. Nawaombea.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umekasirika, na una haki. Unasema jirani yenu mchuuzi wa kahawa alimwona mumeo Anselmi huku mjini, akamwita kwa nyuma, akamwita kwa Kihaya kabisa, na mwanamume akapita zake bila kugeuza hata shingo. Sasa Kishanda nzima inasema amekuwa mzungu, salamu ya nyumbani inamnukia vibaya, na lazima yupo mwanamke. Na kwamba kahawa ikishaanuliwa utafunga vitu vyako urudi kwa baba yetu, kwa Tata, Kibeta.

Ngoja kwanza, dada. Anselmi hakumdharau yule mtu. Hakumsikia. Mumeo hasikii tena. Nimeshaandika, basi! Aliniapisha nisikuambie, lakini kiapo gani hicho cha kuvunja nyumba ya dada yangu?

Ilianza taratibu. Unakumbuka vile vijiwimbo vyetu vya mapenzi, yeye gitaa na sauti ya kwanza, mimi sauti ya pili, watu wakatuita Mashemeji Wawili. Santuri zetu ndogo zilipigwa hadi baa za Bukoba mjini, nawe ulikuwa ukijidai nazo, usikatae. Miaka yote hiyo, kila dansi, Anselmi alisimama mbele ya spika kubwa kama kabati. Likaanza sikio moja kuvuma, kisha la pili. Nikawa naongea naye, ananitazama mdomo. Daktari alisema kilichokufa ndani hakifufuki. Anselmi alicheka mbele ya daktari. Tulipofika chumbani alilia mpaka mimi nikatoka nje.

Ndipo akasema anataka kurekodi santuri kubwa, ile ya kujaa nyimbo pande zote mbili, kabla masikio hayajamwishia kabisa. Na vijiwimbo hataki tena. Anataka roki, tena roki ya kwake mwenyewe. Gitaa la umeme alilifungulia mpaka mwisho, akaliegemeza kwenye spika likawa linalia lenyewe, naye kaweka kidevu juu ya mbao ya gitaa apate ule mtetemo. Mimi nikaambiwa niimbe bila maneno.

"Shemeji," nikamwambia, "watu watasema tumerogwa."

Akanisoma mdomo. "Waache waseme. Mimi sitawasikia."

Lakini wimbo wa mwisho ndio ninaotaka uujue. Alikataa ngoma. Alitaka miguu ya watu wanaokamua ndizi za pombe yetu, rubisi. Dada, mle mle studio! Tulinunua ndizi mbivu sokoni, tukakata nyasi nyuma ya kanisa, tukazimwaga kwenye sanduku la mbao, maana mtumbwi wa kukamulia tungeupata wapi Nairobi? Nazo zilikuwa ndizi za kula, si za pombe, zikawa uji mtupu. Wahaya wazima, tumeshindwa kuchagua ndizi! Tata asisikie. Mwenye studio alishika kichwa. Anselmi akavua viatu, akaingia, akakanyaga peke yake amefumba macho.

Baadaye aliniambia alikuwa anakuona wewe. Siku ile pale kwa Tata, kabla hamjaoana, wanaume wakikamua nyuma ya nyumba, nawe umesimama na nyasi mkononi unawaimbia waongeze mwendo. "Sauti yake nimeanza kuisahau, Deo," alisema. "Mwendo ninao bado, uko miguuni." Roho iliniuma sana, sikufichi.

Santuri ilitoka. Redio haikuipiga, na baa moja ilituuliza kama sindano ya gramafoni yao imeharibika. Mimi mwenyewe upande wa kwanza unaniumiza kichwa. Ule wimbo wa mwisho siwezi kuusikiliza mbele za watu.

Sasa anarudi. Nimembembeleza kweli. Anasema kijijini mtaitana mikutano ya ujamaa, naye atakaa pale kama gogo, na wewe utakuwa umeolewa na gogo. Nikamwambia shamba la kijiji linataka mikono, masikio watayatoa wengine. Atapanda meli Kisumu na kushuka Kemondo, nadhani siku chache baada ya barua hii kukufikia. Hajui kuwa nimekuandikia. Hajui pia kwamba unataka kuondoka, na sitamwambia.

Usimwite kwa nyuma. Mjie mbele, mshike mkono. Na kama bado utataka kwenda Kibeta, nenda, sitakulaumu hata kidogo. Ila umwambie usoni, polepole, asome mdomo wako. Asije akasimuliwa na jirani.

Mama mkwe wako umpe pole ya mgongo. Tata na Mama wa Kibeta waambie mtoto wao hajapotea. Jovita mwambie mjomba anamdai barua.

Anselmi anakuja na santuri ameiviringisha kwenye shati lake la misa. Azima kwa mwalimu wa shule gramafoni yake ya betri, uweke upande wa pili, wimbo wa mwisho. Mwekee Anselmi kiganja chake juu ya boksi la gramafoni. Utafika mahali gitaa linanyamaza, mimi nanyamaza, miguu inabaki peke yake kwa muda mrefu. Nilimwuliza kwa nini pale hakutia kitu.

Alisema pale ni pako, uimbe.

Mdogo wako anayekupenda,
Deo