Salamu Niliyoiacha Dirishani

Mwanangu Wesonga,

Jumapili uliniuliza tena kwenye simu, "Mama, nilikukosea nini?" Nikakuambia netiweki ni mbaya, nikakata. Netiweki ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimekaa mlangoni pa jikoni hapa Ekero, nakusikia mpaka unavyomeza mate. Leo nimechukua kalamu, maana mwalimu wa darasa la tatu, hata akistaafu, ni aibu ashindwe na barua. Naiandika wazi, anayetaka kuisoma aisome. Mbele utaona sababu.

Unamkumbuka Mzee Okwara? Ulikuwa na miaka saba, tunatoka shamba la miwa, naye amekaa kando ya barabara anafunga kamba ya kiatu. Alitusalimia. Mimi nikaitikia, wewe ukapita ukipiga mkebe teke. Tulipokaribia nyumbani nikakuuliza, "Umemjibu mzee?" Ukaupiga mkebe tena. Nikakwambia, "Rudi." Ulilia, ukasema ameshafika mbali. Nikakuambia hata kama amefika Mumias, rudi. Ulikimbia peku, ukarudi jua limeshuka, vumbi mpaka magotini. "Nimemjibu," ulisema. "Amecheka." Baba yako alininunia jioni nzima kwamba nimekuonea. Nilimwambia mtoto asiyejibu salamu atakuja kupita watu kama anapita miti.

Sasa nikwambie habari za ile Alhamisi huko kwako Ujerumani, nilipokuja kukutembelea, siku niliyokudanganya kwamba nimelala mchana kutwa.

Asubuhi ulikuwa umeitwa kazini siku yako ya mapumziko. "Mama, usitoke, utapotea," ulisema. Mimi nipotee! Nilikuwa naenda Mumias kwa miguu kabla hujazaliwa. Ulipoondoka tu nilivaa koti lako kubwa, mikono yake ikanifunika vidole, nikafunga mlango na kutia ufunguo kwenye leso. Njia niliishika kwa alama: duka la mikate, mlango mwekundu, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele iliyofungwa kwenye mti.

Nilimsalimia kijana mwenye mbwa. Mbwa akaniangalia. Nikamsalimia mama mwenye mtoto, halafu wazee wawili kituoni, kwanza kwa "mulembe" yetu, kisha kwa ile "halo" uliyonifundisha. Sisemi walikuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na mahali anaenda, na mimi sikuwa mahali hapo. Nilivuka daraja nikatazama bata. Sokoni nikaona ndizi zetu zimelala kwenye sanduku, mbichi, nikazishika kidogo kana kwamba ni watu ninaowajua. Kanisa lilikuwa wazi, halina mtu hata mmoja, nikakaa kiti cha nyuma mpaka miguu ikapata baridi. Saa sita nilikalia benchi la bustani na chapati yangu ya jana. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa upande ule mwingine. Ningewezaje kula peke yangu mbele ya mtu? Nikakata nusu nikamnyooshea. Alitikisa kichwa, akasimama, akaenda zake. Nikala nusu zote mbili.

Mwanangu, nilikuwa mpweke. Hata kwenye msiba wa baba yako sikuwa mpweke hivyo, maana kule kulikuwa na mikono ya kunishika. Ilipofika saa tisa nilitambua kwamba tangu uliponiaga hakuna mtu aliyenisemesha. Nikasema nitamfuata mwanangu kazini, nimshtue, anicheke. Ulikuwa umenionyesha lile jengo la njano tukiwa ndani ya basi: "Pale ndipo ninapotunza wazee wangu." Nilitembea mpaka nikalipata.

Nilikuona kwenye dirisha kubwa la chini. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu, unamlisha supu. Ulikipuliza kijiko kwanza. Ukamfuta kidevu, ukamwambia jambo, akacheka bila meno. Nilikuwa nimeinua mkono nigonge kioo. Mkono ulikataa.

Nitakuambia nilichokihisi, ingawa ni aibu. Nilihisi wivu, na hasira juu ya wivu. Baba yako, wiki zake za mwisho, alikuwa anageuza uso nikimletea kijiko. "Wesonga amefika?" Nami namwambia yuko njiani, na nilijua karatasi zako hazijakamilika, kwamba ukitoka huko hutaruhusiwa kurudi. Vijana wa jirani ndio waliokuwa wanamwinua kumpeleka msalani. Sasa mikono ile niliyomwahidi ilikuwa pale, mbele yangu, inamlisha mtu mwingine.

Ndipo yule mzee akaniona. Akainua mkono, akanipungia. Wewe ulikuwa umeinama kuokota kitambaa. Ilikuwa salamu ya kwanza siku ile nzima. Nami, mwalimu wako wa salamu, nilimgeuzia mgongo nikaondoka.

Siku mbili baadaye nikakuomba ubadilishe tiketi. Nilisema ni baridi. Wiki tatu tu nilizokaa, na wewe ulikuwa umenipangia miezi mitatu, umeninunulia hata soksi za sufu. Tulipofika uwanja wa ndege ulinibebea sanduku. Ulinishika bega kama mgeni.

Nilipofika hapa, Mama Nekesa, jirani yetu, alinikuta nafagia kaburini. "Kwani Ulaya ilikushinda? Ama ni kijana alikufukuza?"

"Ni baridi," nikamwambia.

"Na huko anakulanga nini? Anapikiwanga na nani?"

Nikaendelea kufagia. Nilikuwa nimekaa kwako wiki tatu, najua una sahani mbili tu, na moja uliinunua kwa ajili yangu. Siku moja ya mji ule iliniumiza hivyo. Wewe una miaka sita ndani yake, na mwaka mmoja kati ya hiyo ulikuwa unaomboleza peke yako.

Siku ya mazishi ulipopiga simu nilikuambia, "Baba yako amezikwa na watoto wa watu." Simu ilikuwa kwenye spika, waombolezaji wote walisikia, na wengine waliguna kuniunga mkono. Nililisema neno lile likuchome. Tangu nirudi, kila nikipika obusuma, ugali wetu, ukanizidi, nikikaa na sufuria mbele yangu, namwona yule mzee. Naye ana mtoto wake mahali fulani. Labda mtoto huyo naye ameambiwa neno kama langu. Na mtoto wa watu aliyepiga magoti pale akapuliza kijiko ni wewe.

Neno lile nalirudisha. Nilikuaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nalirudisha mbele ya watu. Baba yako alizikwa na watoto wa watu, ni kweli, walibeba jeneza taratibu, hawakulitikisa, na sijawahi kuwashukuru. Nitaanza kesho kwa Mama Nekesa, maana wanawe walikuwa kati yao.

Ulisema Desemba hutakuja, ingawa karatasi zako sasa zimekamilika, kwa sababu unaona sikutaki. Nakutaka. Nimekukosa mpaka nimechoka. Isimba yako, ile nyumba yako ya ujana, nimeisiriba upya kwa mikono yangu, na mgongo unanidai. Njoo usimame kaburini kwa baba yako, ulie unavyotaka, nitakushika.

Lakini kabla hujaja nina mahali pa kukutuma. Nenda kwa mzee yule. Mwambie mwanamke aliyesimama nje ya dirisha, aliyevaa koti lisilo lake, ni mama yako. Mwambie aliiona salamu yake na leo ameijibu. Sema "mulembe," hata kama haelewi. Na akiwa hayupo tena kwenye kiti kile, rudi tu mpaka dirishani ukaijibu. Usiniambie ameshafika mbali.

Anayekungoja mlangoni pa jikoni,
Mama yako