Kura ya Makamu Mwenyekiti

Pell Creek, Kansas
Jumapili, 15 Oktoba 2023

Dada yangu Verda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa, na mvua ya huko Oregon imewaachia hata siku moja mkapata kutoka nje. Mimi ni mzima kabisa. Presha yangu daktari anaisifia, nakula ninachotaka, na juzi nilipanda juu ya paa mwenyewe kusafisha mifereji. Usinigombeze, nimeshashuka. Shemeji Harlan msalimie sana, na mwambie timu yake mwaka huu inatia huruma.

Kadi yako ya pongezi nimeipata. Naona binamu Fern hakulaza damu. Amekupigia simu kabla hata sijakikalia kiti, kukwambia kwamba Ilene Koehn ameng'olewa uenyekiti wa Maonyesho ya kilimo na mifugo ya wilaya na kwamba mdogo wako ndiye mwenyekiti sasa. Umeniuliza ilikuwaje, na una haki ya kuuliza, maana Ilene ni rafiki yako tangu darasa la kwanza, na Maonyesho hayo ameyaongoza miaka kumi na mmoja bila hata siku moja kuchelewa kufungua geti. Nitakueleza yote kwa mpangilio. Sikufundisha uraia miaka thelathini na minane ili nije nishindwe kueleza kisa cha Pell Creek.

Chanzo ni Dwight Regier, msimamizi wa banda la ng'ombe. Julai joto lilipanda hadi nyuzi mia moja na saba za Farenhaiti. Ilene alimwambia mara tatu afunge feni bandani, na mara zote tatu Dwight akamjibu kwamba ng'ombe wa babu yake hawakujua feni ni nini na walinenepa vizuri tu. Alhamisi ya Maonyesho ndama wawili wakafa kwa joto. Ijumaa asubuhi, kabla ya kahawa, Ilene akamfuata Dwight, akanyoosha mkono na kumtaka arudishe funguo. Watu waliokuwa karibu wanasema hakupandisha sauti hata kidogo.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mtego. Majira ya baridi yaliyopita baraza letu lilipitisha kanuni kwamba mwenyekiti hana ruhusa ya kumwondoa msimamizi yeyote mpaka baraza likubali. Kila mtu alijua kanuni ile imeshonwa kwa kipimo cha Dwight, kwa sababu nusu ya baraza ni kina Regier na wakwe zao. Kwa hiyo Ilene alivunja kanuni, hilo halina ubishi. Swali lilikuwa kama kuvunja kanuni ya namna ile kunatosha kumvua mtu uenyekiti.

Unajua waanzilishi wetu walivyokuwa. Walipoandika katiba ya Maonyesho waliinakili katiba ya nchi kama mwanafunzi anayechungulia mtihani wa jirani. Kamati ya watu watano ndiyo inayomshtaki mwenyekiti, hao ndio Baraza la Wawakilishi letu. Kisha wajumbe kumi na wawili wa baraza wanaisikiliza kesi kama Seneti, na bila kura nane haondoki mtu. Tangu wazee wale waandike hayo hakuna aliyewahi kuyatumia. Agosti kamati ikapiga kura, wanne kwa mmoja, kumshtaki Ilene. Kesho yake mtu alishafuta jina lake kwenye maegesho! Nilipokwenda kwenye ghala la nafaka wakaniuliza mwenyekiti mpya ni nani. Nilikasirika, Verda. Niliwaambia pale pale kwamba kushtakiwa si kuondolewa, na kwamba kama wangenisikiliza darasani badala ya kutupiana karatasi wangelijua hilo tangu wakiwa na miaka kumi na sita.

Baraza likaona heri niwape somo kabla ya kesi. Loo, nililitoa! Ukumbi ulijaa, watu wakasimama mpaka mlangoni, na Dwight mwenyewe akaketi mstari wa mbele amekunja mikono. Nikawaambia marais walioshtakiwa na Baraza la Wawakilishi ni watatu, kesi zao ni nne, na aliyeondolewa na Seneti hayupo hata mmoja. Dwight akaropoka kwamba je, Nixon? Nikamjibu kwamba swali hilo hilo alilikosa kwenye mtihani wangu wa mwaka 1984, na jibu halijabadilika: Nixon alijiuzulu kabla Baraza zima halijapiga kura. Alihesabu watu wake, akaona hawatoshi, akafungasha. Ukumbi ulicheka mpaka Dwight naye akacheka.

Nikawapitisha kwenye kesi zote. Clinton alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuizuia haki juu ya jambo lililoanzia chumbani, na kwenye Seneti hata nusu ya kura kwa shtaka la kwanza haikufika, shtaka la pili ikawa hamsini kwa hamsini. Trump alishtakiwa mara mbili. Ya kwanza ilihusu kuibana Ukraine, na seneta mmoja tu wa chama chake akamkuta na hatia. Ya pili ilihusu ghasia za kwenye jengo la Bunge, kesi ikasikilizwa akiwa ameshatoka madarakani, na saba wa chama chake wakamkuta na hatia, zikapatikana kura hamsini na saba na zilihitajika sitini na saba. Hapo watu wakaanza kunung'unika, huyu kwa rais huyu, yule kwa yule. Nikawaambia waache uchama mlangoni pamoja na matope, mimi nalinganisha kesi, simpigii mtu kampeni. Nikawapa fundisho langu: ukitaka kujua kesi ya rais itaishaje, usianze na mashtaka, anza na kuhesabu viti.

Johnson nilimweka mwisho kwa makusudi. Mwaka 1868 Bunge lilikuwa limetunga sheria kwamba rais asimwondoe waziri bila Seneti kukubali, nao wakijua wazi kuna waziri anayetaka kumwondoa. Akamwondoa, wakamshtaki. Akapona kwa kura moja, na mmoja wa waliomwokoa alikuwa seneta wetu wa Kansas, Ross. Sikumpamba Johnson. Niliwaambia alikuwa kichwa ngumu, na aliwatenda vibaya watu weusi waliokuwa ndio kwanza wametoka utumwani, na Ilene hafanani naye kwa lolote. Kinachofanana ni ule mtego tu. Niliposema hivyo Ilene, aliyekuwa nyuma karibu na birika la kahawa, akainamisha kichwa.

Ndipo Tamra Voth akanyoosha mkono. Unamkumbuka Tamra, yule binti wa Voth aliyekuja kuwa daktari wa mifugo? Ni mjumbe wa baraza sasa. Akauliza kwa adabu zote kwamba, Mwalimu, si ulitufundisha habari za yule Wade? Nilimfundisha, tena kila mwaka. Johnson hakuwa na makamu, kwa hiyo angeondolewa, urais ungemwangukia Wade, kiongozi wa Seneti. Na Wade huyo huyo alikaa kwenye kesi, akapiga kura ya hatia. Kwa miaka thelathini na minane nimemsema vibaya. Tamra akasema makamu wa Ilene ni wewe, Mwalimu, na kura unayo, je, utafanyaje?

Verda, sikusita hata nukta moja. Nilisema kwa sauti ya darasani kwamba Merle Unruh si Wade. Nikasema kesho yake nitapokea karatasi ya kura kama wenzangu na nitaitumbukiza tupu, bila alama, wasiwe na shaka. Walinipigia makofi. Mzee mmoja wa kina Regier alinishika mkono, akasema kumbe uungwana bado upo.

Kesi ilichukua jioni moja. Mchungaji alisimamia, maana Jaji Mkuu, anayesimamia kesi ya rais, hatunaye. Dwight alisema yake, Ilene akasema yake kwa maneno machache: kanuni aliijua, ndama aliwaona, na angefanya vile vile tena. Tukapewa karatasi. Mchungaji akahesabu mara mbili. Hatia nane. Bila hatia tatu. Tupu moja. Ilene akavua beji yake ya uenyekiti, akaiweka mezani na kuanza kuosha vikombe vya kahawa, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Watu walipita wakinipiga begani kwa ajili ya ile karatasi tupu.

Haikuwa yangu. Hilo ndilo nililokuwa nikilizunguka kurasa zote hizi, na sasa nimelisema. Mimi niliandika hatia. Kura ya nane ni yangu, na bila hiyo Ilene angekuwa mwenyekiti leo hii.

Usitafute sababu nzuri, hakuna. Nimekuwa makamu miaka kumi na tisa. Nimeshikilia ngazi wakati wengine wanatundika bendera, nimesoma matokeo ya nguruwe watu wakiwa wameshakwenda kula pai, na tangu mke wangu Lavonne afariki sina wa kumwambia hata kwamba nimechoka. Mwakani ni sherehe kubwa ya Maonyesho, gavana amealikwa, na mwenyekiti ndiye atakayefungua. Nilikaa na penseli mkononi nikajiona mimi jukwaani. Nilidhani zitapatikana kura kumi za hatia na yangu haitaonekana, itakuwa tu jambo kati yangu na penseli. Mchungaji alipotamka "tupu moja" nilijua kila mtu atadhani ni yangu. Nilipaswa kusimama pale pale. Badala yake nilitikisa kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu asiyependa kusifiwa.

Wiki tatu nilipokea sifa za mtu mwingine. Jumapili iliyopita, kwenye kahawa baada ya ibada, Orpha Wedel, yule bibi wa mashindano ya pai ambaye sasa ana miaka themanini na sita na bado ni mjumbe, akaniomba nimsogezee maziwa. Nikamsogezea. Akakoroga, akaonja, akaniambia taratibu kwamba karatasi tupu ilikuwa yake. Alishindwa kuamua, akaiacha hivyo. Akasema, "Nimekuwa nikikungoja, Merle. Nilidhani utakuja mwenyewe." Alimgeukia mwenzake wakaanza kuzungumzia maboga, nikabaki nimesimama na jagi sijui niliweke wapi.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Ilene. Alikuwa jikoni anapika siagi ya tufaha, lile rojo la matunda la kupaka mkate, sufuria linatokota, dirisha zima ukungu. Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi, na aliendelea kukoroga mpaka nikamaliza. Nilitegemea anitukane, na kwa kweli ningeshukuru. Aliniuliza jambo moja tu, kama wakati naandika neno lile niliamini ana hatia. Nikasema hapana. Nilisema niliamini alifanya sawa, na nilikuwa nimetoka kuwaambia watu hivyo hivyo ukumbi mzima siku moja kabla. Akapunguza moto. Akasema kumbe wale saba wengine amewasamehe pasipo haja, maana wao angalau walimwona mkosaji. Maneno hayo yaliniingia, Verda, na yangali humo.

Kisha akanipa masharti, na unajua Ilene akitoa masharti. Hataki kiti kwa huruma. Hataki nijiuzulu kwa barua nikimbilie nyumbani. Keshokutwa Jumanne, saa moja jioni, baraza linakutana. Nitasimama mbele ya wote kumi na mmoja, Dwight akiwepo, Tamra akiwepo, niseme nilichoandika na kwa nini. Kisha kura irudiwe, na wakati inapigwa mimi niwe nje koridoni, mlango umefungwa. Nimekubali yote. Orpha amesema safari hii karatasi yake haitakuwa tupu, lakini hakuniambia ataandika nini, na sikuthubutu kumuuliza. Wakibaki kumi na mmoja na nane bado zinatakiwa, nadhani Ilene atarudi. Viti nimevihesabu, na katika kuhesabu nimekosea mara moja tu.

Somo langu nalo silifuti, Verda. Kila nilichosema mbele ya watu kilikuwa kweli, na nilikisema vizuri kuliko mtu yeyote wa wilaya hii angeweza kukisema. Ndiyo maana naona aibu kiasi hiki. Asiyejua ana pa kujificha. Mimi nilikuwa nalijua kosa kwa jina lake na mwaka wake, nimewasahihishia watoto wa watu kwa wino mwekundu, kisha nikalifanya.

Nimekuandikia wewe kwanza ili usilisikie kwa Fern. Nakuomba usimpigie Ilene simu kabla ya Jumanne, atajua nimetafuta mtetezi. Baada ya Jumanne mpigie, amekukumbuka sana. Wape wajukuu wote busu langu, na yule mkubwa mwambie nimesikia amefaulu hesabu na nimefurahi. Goti lipakwe dawa, lisionewe aibu. Ukipata nafasi niandikie, hata kama ni kunikaripia tu, nitaisoma yote.

Mdogo wako akupendaye,

Merle Unruh
Mwenyekiti hadi Jumanne, saa moja jioni