Mwero, Uliyebaki Chini Ndoo Ikipanda

Mwaka umetimia, kaka Mwero, tangu jeneza lako lilipotoka msikitini kwenda makaburini, nami nikiwa bado Mackinnon Road naomba lifti kwa wenye malori. Nilipofika Msambweni, udongo ulikuwa umeshamwagiwa maji.

Ulikuwa mchimba visima. Ulikuwa ukigonga mwamba kwa ngumi, ukatega sikio, kisha ukaomba chai yako ya vijiko vinne vya sukari kabla ya kusema lolote. Watu walikungoja tu.

Ukaitwa bara, kwenye mradi wa umeme wa maji milimani, nami nikakufuata kama nilivyozoea kufuata kila njia. Tulichimba shimo la wima juu ya handaki la maji. Ulinieleza kwa mikono: mitambo ikifungwa ghafla, maji hurudi nyuma kwa nguvu, na humo ndimo yatakamopanda, yatulie, yashuke. Ulisema ni pua ya mlima.

Siku moja ukuta ulianza kutiririka. Kwetu, mchimbaji akiona maji ya kwanza huyanywa na kushukuru. Basi nikapiga magoti, nikakinga viganja. Ukanivuta ukosi. "Panda, Dzombo. Hapa maji hayashangiliwi."

Ndoo ya winchi ilikuwa ya mtu mmoja. Ukanitia mimi. Iliporudi, maji yalikufika kifuani, na jiwe lilikuwa limeshakuponda mguu.

Nyumbani ulisema uliteleza. Shemeji Mwanapili alikuita mzembe miaka ishirini, nawe ukicheka. Mimi ukaniita Mnywa-mlima, wala hakuna aliyejua kwa nini. Nilikuwa nikiiona fimbo yako, nafunga mzigo, naondoka tena.

Siku hizi nikisinzia huliona shimo lile likijaa polepole, maji ya kijani, nawe umeketi juu yake kama mtu aliye barazani, unapanda nayo, hujalowa.

Haya nimemsomea Mwanapili kabla ya kuyapeleka gazetini. Aliinuka. Akaenda kisimani kwako, akateka, akanipa kata. "Kunywa, shemeji. Haya ni ya kunywa."

Shimo la mlimani limejaa na linafanya kazi. Kisima chako hakijakauka. Binti yako Ummi anafundisha shule Ukunda. Fimbo ninatembelea mimi. Sijaondoka tangu Shaabani.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mwanapili, binti yako Ummi, dada yako Kadzo, na mimi mdogo wako. Mola akurehemu, kaka. Umo nasi siku zote.